MAJUTO NI MJUKUU: KISA CHA PINI MBILI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Mwalimu mlezi wa chama alipotutaka kila mmoja alete insha inayotokana na methali, wenzangu wengi walikimbilia fisi na sungura. Mimi nilikaa nikawaza, nikaona methali yangu haiko porini. Iko nyumbani kwetu, katika karakana ya Babu, tena imepigiliwa ndani ya chuma. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Basi mjukuu mwenyewe ndiye mimi ninayeandika.

Kwanza niwajulishe Babu. Babu yangu ni fundi wa mitambo. Aliajiriwa akiwa kijana katika karakana ya reli mjini Nairobi, siku zile reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na reli ikagawanywa, yeye aliendelea na kazi upande wa Kenya hadi alipostaafu. Hapo alirudi nyumbani, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Wazee wenzake walitumia pesa za uzeeni kununua ng'ombe. Babu alienda mnadani akanunua mashine kuukuu. Nyanya hakumsemesha kwa wiki mbili.

Mashine hiyo ni kerezo, ama lethi kama mafundi wanavyoiita. Kazi yake ni kuzungusha chuma huku kisu kikikichonga mpaka kiwe mviringo wa kipimo unachotaka. Kerezo la Babu lilitengenezwa Uingereza zamani, na vipimo vyake ni vya inchi. Limekaa katika kibanda cha mabati nyuma ya jikoni, karibu na jiliwa na rafu ya mikebe ya kila aina. Lina kitanda, yaani ule mwili mrefu wa chuma, na juu yake upande wa kushoto kuna kichwa. Kichwa ndicho kinachobeba chaki. Sisemi chaki ya mwalimu! Chaki ya kerezo ni kile kigudulia cha chuma chenye taya tatu zinazouma kazi isitoke.

Kwa kerezo hili Babu alimsomesha baba yangu na shangazi zangu wawili, na sasa sehemu ya karo yangu hutoka hapo hapo. Kwa kuwa mimi nasoma shule ya kutwa, kila jioni nikishavua sare huingia karakana kufagia nyuzi za chuma na kumshikia Babu taa. Hivyo ndivyo nilivyojua majina ya vitu. Lakini kujua jina la kitu si kujua kazi yake, kama mtakavyoona.

Mwaka jana macho ya Babu yalianza kuingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho. Wakati wa likizo ya Aprili alipelekwa Nairobi kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, akakaa kwa shangazi yangu wiki tatu ili awe karibu na daktari. Karakana ikabaki chini yangu. Babu aliniachia ufunguo na neno moja tu: "Fagia, lakini usifungue kitu."

Mimi nikafungua.

Sikuwa na nia mbaya, jamani. Nilitaka kumfurahisha. Nilisema moyoni mwangu, Babu akirudi na jicho jipya, jambo la kwanza alione kerezo lake limepakwa rangi likang'aa kama siku lilipotoka kiwandani. Nikanunua rangi ya kijani mkebe mmoja. Nikaona kuwa ili nisafishe uchafu wa miaka mingi uliojazana chini ya kichwa, ni lazima kichwa kitoke. Nikamwita binamu yangu, tukafungua bolti nne za nusu inchi. Tukavuta. Wapi! Kichwa hakikutikisika hata kidogo.

Nikachungulia vizuri. Kumbe kando ya zile bolti kulikuwa na vitu viwili vidogo, vichwa vyao vya mviringo vimejitokeza kidogo juu ya chuma. Havikuwa na meno ya kushika spana. Nikadhani ni misumari minene. Nikachukua nyundo nikavigonga kutoka juu ili vitokee chini. Kadiri nilivyogonga ndivyo vilivyozidi kukaza, na vichwa vyake vikapanuka kama uyoga. Nikapandwa na hasira. Nikachomeka drili kwenye stima nikaanza kutoboa kimojawapo. Biti ikaingia kidogo, kisha ikaniponyoka ikaelekea kando, ikachimba chuma cha kitanda chenyewe badala ya ile pini. Baadaye Babu alinieleza sababu: pini ni ya chuma kigumu, na kitanda ni chuma cha kusubu kilicho laini zaidi, na biti ikikutana na ugumu na ulaini hukimbilia ulaini. Akaongeza, "Kama mtu mvivu."

Basi nikalala chali chini ya kerezo kuangalia. Huko ndiko nilikoona kuwa pini hizo zilipenya hadi chini, na kwamba ncha ya chini ilikuwa nyembamba kuliko kichwa cha juu. Nikaweka panchi kwenye ncha hiyo nikagonga mara moja. Pini ya kwanza ikaruka juu kama kizibo cha chupa. Ile niliyoitoboa nayo ikatoka baada ya kugongwa sana, ikiwa imeharibika vibaya. Kichwa kikainuka, tukasafisha, tukapaka rangi kila mahali.

Wakati wa kurudisha kichwa, nilizitazama zile pini mbili mkononi. Zimeharibika, nikafikiri, na hata hivyo zina faida gani? Bolti nne za nusu inchi zinaweza kushika ng'ombe dume asitoroke. Nikafunga bolti kwa nguvu zangu zote, nikaziba matundu ya pini kwa puti, nikapaka rangi juu yake. Siku iliyofuata alipita yule kijana anayenunua vyuma kuukuu kwa mkokoteni. Nikamuuzia pini zote mbili pamoja na takataka nyingine za chuma. Akanipa shilingi 40. Nikanunua mandazi.

Babu aliporudi alisimama mlangoni mwa karakana akashangaa. Akalipapasa kerezo kwa kiganja, akaniambia, "Mjukuu wangu, Mungu akubariki." Wasomaji, baraka hiyo ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikumbuka neno lake la kuondoka. Lakini nilijiambia kuwa kosa lisiloonekana si kosa.

Mwezi wa Juni kazi ikaja. Kuna mama mmoja jirani yetu mwenye mashine ya kusaga mahindi. Shafti ya mashine yake ilikuwa imelika, akamletea Babu amchongee nyingine. Shafti hiyo inakaa katika beringi mbili za namba 6206, moja kila upande. Beringi ya namba hiyo ina tundu la milimita 30, kwa hivyo shafti lazima iwe milimita 30 kamili pahali beringi zinapokaa. Ikipungua, beringi inacheza. Ikizidi, haiingii.

Babu aliichonga kama alivyochonga nyingine nyingi. Alipima upande wa karibu na chaki, akaridhika, akaiachia mashine iende mpaka mwisho. Hakupima upande wa pili. Kwa miaka yote kerezo lake halikuwahi kumdanganya, na mtu hamkagui rafiki yake mifuko. Fundi aliyekuja kuifunga shafti kwenye mashine ya unga aliona beringi ya upande mmoja inaingia kwa ulegevu. Badala ya kuirudisha, alifanya ujanja ambao mafundi wengi huufanya: aliipiga ile shafti vidoa vidoa kwa panchi ili chuma kivimbe na beringi ikaze. Ilikaza siku moja. Siku ya pili beringi ilianza kuzunguka juu ya shafti, ikapata moto, ikalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia, mashine ikasimama. Mama wa watu akakosa kusaga siku tatu. Wateja wakahamia mashine nyingine ya kule barabarani.

Aliporudisha shafti hakugomba. Alisema tu, "Mzee, pengine macho hayajapona sawasawa." Babu akasema atachonga nyingine bure na kununua beringi mpya kwa pesa zake.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshika taa. Babu alichonga upya, safari hii polepole. Kisha akanipa maikromita, kwa sababu namba zake ni ndogo na jicho la kushoto lilikuwa bado halijatibiwa. "Nisomee," akasema.

Nikapima karibu na chaki. "Thelathini kamili, Babu."

"Na huku mwisho?"

Nikapima. Nikarudia kupima. Kijasho chembamba kikanitoka. "Ishirini na tisa nukta saba."

"Soma tena."

"Ishirini na tisa nukta saba sufuri, Babu."

Alikaa kimya. Halafu akazima mashine, akaketi juu ya lile boksi lake la mbao, akajifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Basi nimekwisha," akasema. "Siku nikiwa sina hakika na mikono yangu, sistahili kuchukua pesa ya mtu. Kuna mtu wa mjini amekuwa akiitaka mashine hii. Mwezi wa Agosti nitampa."

Ndugu wasomaji, mimi nilijua. Sijui nilijuaje, lakini nilijua kama ninavyojua jina langu. Nilikodolea macho ile rangi ya kijani juu ya puti. Ulimi ukawa mzito. Jioni hiyo sikuweza kula. Nilijigeuza kitandani nikiwaza: nikinyamaza, kerezo litauzwa na hakuna atakayejua. Nikisema, baraka niliyopewa itageuka laana. Na karo je? Lakini kilichonitesa zaidi hakikuwa karo. Ni kwamba Babu alikuwa ameketi pale akijilaumu kwa kosa ambalo si lake. Alikuwa anajivua ufundi wake, kazi ya maisha yake yote, kwa sababu ya shilingi 40 za mandazi.

Kesho yake baada ya kanisa nilimkuta chini ya mparachichi. Nikapiga magoti. "Babu, nina neno." Nikamweleza yote: kichwa, nyundo, drili, puti, mkokoteni. Nilingoja kofi. Nilingoja hata kufukuzwa.

Babu alinitazama kwa jicho lake jipya. Kisha akavuta pumzi ndefu akasema, "Kwa hivyo si macho yangu."

"Si macho yako, Babu."

"Wala si mikono."

"La, Babu. Ni mimi."

Akatikisa kichwa mara nyingi. Nilidhani ana hasira, nikainua uso nikaona machozi. Mzee wa watu alikuwa amefurahi! Hilo lilinichoma kuliko viboko mia. Baada ya hapo ndipo hasira ikaja, na sitaandika hapa aliyoniambia, maana jarida hili linasomwa na wazazi. Alipomaliza akasema, "Uliharibu kwa mikono yako, utatengeneza kwa mikono yako. Mimi nitakaa kando nisikilize."

Sasa niwaeleze nilichofundishwa, kwa sababu pengine na wewe msomaji una mashine nyumbani, hata kama ni cherehani au baiskeli.

Kazi ya bolti ni kushika. Kazi ya pini ni kuonyesha mahali. Hizo ni kazi mbili tofauti. Tundu la bolti hutobolewa liwe kubwa kidogo kuliko bolti ili iingie bila taabu, kwa hivyo ukilegeza bolti, kipande kinaweza kusogea huku na huku ndani ya nafasi hiyo. Ukikaza tena, kitashikwa kwa nguvu, ndiyo, lakini kitashikwa popote kilipo, hata kama ni mahali pabaya. Nilikuwa nimekifunga kichwa cha kerezo kwa nguvu zote mahali pabaya.

Pini ya tepa haiachi nafasi. Imechongoka kidogo sana, mnene juu na mwembamba chini. Hizi za milimita hupungua kwa kipimo cha 1 kwa 50, maana yake kila milimita 50 za urefu unene hubadilika milimita 1. Ukiisukuma katika tundu lenye mteremko huo huo, inakaza pande zote kwa mara moja na kujishika yenyewe bila nati. Wale wenye baiskeli kuukuu nyumbani wanajua kota pini inayofunga mkono wa pedali. Hiyo ni jamaa yake. Na uzuri wa pini ya tepa ni kuwa ukiigonga kutoka upande mwembamba inaachia mara moja, na ukiirudisha, kipande kinarudi pale pale kilipokuwa. Unaweza kufungua mashine mara kumi na isipotee mahali pake.

Kwa nini ziwe mbili? Babu alinipa mfano wa picha iliyotundikwa kwa msumari mmoja: haianguki, lakini inapinda. Msumari wa pili ndio unaoizuia kuzunguka. Na pini zikiwa mbalimbali ni bora kuliko zikikaribiana, kwa sababu kosa dogo kwenye pini zilizokaribiana linakuwa kubwa huko mwisho.

Kisha tukapiga hesabu, nami nikashukuru mwalimu wetu wa Hisabati. Shafti ilitofautiana milimita 0.30 katika urefu wa milimita 150. Kwa sababu kisu huchonga pande zote mbili za mviringo, kosa lenyewe ni nusu yake, yaani 0.15. Hiyo ni 1 kwa 1,000. Kichwa cha kerezo kina urefu wa milimita 300, kwa hivyo kilikuwa kimepinda milimita 0.3 toka mwisho hadi mwisho. Karatasi tatu za daftari! Kitu chembamba hivyo kilitosha kumsimamishia mama wa watu kazi na kumfanya Babu ajione amekwisha.

Jumamosi iliyofuata tulianza. Babu aliniamuru nifunge mikono ya shati na nivue kila kitu kinachoning'inia. Tukafunga kipande cha chuma kwenye chaki, tukakichonga juu juu, tukazima, tukapima ncha mbili. Tukalegeza bolti kidogo tu. Nikagonga kichwa pole kwa nyundo ya mti. Tukakaza, tukachonga tena, tukapima tena. Mara ya kwanza nilikisukuma kupita kiasi, kosa likahamia upande wa pili. Mara ya nne nililia. Mara ya kumi na moja nilisoma maikromita, tofauti ikawa 0.01, sehemu moja ya mia ya milimita. Babu akasema, "Hapo. Usiguse tena. Hata usikohoe."

Sasa pini. Katika mkebe mmoja wa Babu kulikuwa na rima kuukuu, kile kifaa chenye makali marefu cha kulainishia tundu liwe na mteremko. Nilifurahi, lakini Babu akanizuia. Rima hiyo ni ya mtindo wa inchi, inayopungua robo inchi kwa kila futi, yaani 1 kwa 48. Pini tulizopata dukani mjini ni za milimita, 1 kwa 50. Nikasema, Babu, 48 na 50 si ni karibu sawa? Akaniambia nipige hesabu. Kwa urefu wa milimita 50, ya kwanza inabadilika milimita 1.04 na ya pili milimita 1.00. Tofauti ni 0.04. Pini ingegusa ncha moja tu na kuelea ncha ya pili, na pini inayoelea ni kama shahidi anayesitasita. Rima na pini ni lazima viwe wa nyumba moja. Tukaazima rima ya milimita kwa fundi wa jua kali anayemjua Babu tangu ujana. Pini nilinunua mimi kwa akiba yangu, mbili, milimita 8 kwenye ncha nyembamba na urefu wa 60. Kwa hivyo kichwa chake kina 9.2. Hesabuni wenyewe.

Lile tundu zima tuliliongeza ukubwa. Lile nililoliharibu kwa drili Babu alilikataa, tukatoboa jipya kando yake, nje zaidi kwenye pembe. Kanuni kubwa ni hii: usitoboe kichwa peke yake na kitanda peke yake halafu utarajie kuwa matundu yatalingana. Kwanza weka vitu mahali pake kamili, kaza bolti, ndipo utoboe vyote viwili kwa pamoja. Tulipitisha biti ya 7.8 hadi chini, kisha ya 8.4 mpaka nusu, ili rima isibebe mzigo mkubwa.

Rima huzungushwa kwa mkono, kwa kufuata saa tu. Ukiirudisha nyuma unaua makali yake. Tena huitoa kila mara na kupangusa, maana chuma cha kusubu kinatoka kama unga mweusi, na hakihitaji oili kwa sababu kina vumbi lake la kulainisha ndani yake. Kila milimita moja unayoshuka, tundu linapanuka 0.02 tu. Kwa hivyo hakuna haja ya haraka. Shuka kidogo, safisha, jaribu pini kwa kidole. Nilitaka kuharakisha, Babu akasikia sauti ya rima akasema, "Unasukuma." Hakuwa hata anatazama.

Pini ilipobaki imejitokeza kama milimita 4 zaidi ya pale tulipotaka ikae, akaniambia niipige. Nikapiga. Tu. Nikapiga tena. Tu. Mara ya tatu sauti ikabadilika, ikawa nyembamba na safi, ti! kama kengele ya shule. Babu akainua mkono. "Umeisikia? Hiyo imefika. Ukiendelea utaipasua." Ya pili nayo ikaimba vivyo hivyo.

Tukafungua kichwa chote kwa makusudi, tukakiinua, tukakirudisha, tukagonga pini, tukachonga, tukapima. Tofauti ikawa ile ile 0.01. Hapo nikaelewa kazi ya vile vijiti nilivyoviuza pamoja na takataka.

Shafti mpya ilitoka sawa. Niliipeleka mwenyewe kwa yule mama, nikamwambia ukweli kuwa halikuwa kosa la macho ya Babu. Nilisema nitamsaidia kubeba magunia Jumamosi mbili. Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, kumbe ni wewe. Haya, njoo saa mbili asubuhi, usichelewe." Sikuchelewa. Beringi zake hazijalia tena hadi leo.

Kerezo halikuuzwa. Jicho la pili la Babu lilitibiwa Desemba, na sasa anasoma maikromita mwenyewe, ingawa bado huniita nihakikishe. Sijui kama ni kwa sababu ya macho au ni kwa sababu nyingine, nami simuulizi.

Jambo moja limebaki. Lile tundu nililoliharibu bado liko pale kwenye kitanda cha kerezo, baya, limepinda, puti imetolewa. Siku ya mwisho nilitaka kuliziba na kulipaka rangi ili kazi ipendeze. Babu akanishika mkono. "Hilo liache wazi," akasema. Basi liko wazi. Kila nikifagia nyuzi za chuma, hulipangusa nalo pia.